Fundi Naye ni Mwalimu: Somo Kutoka Viwanda vya Kahawa vya Oldeani

Wanachuo wenzangu, ukiuliza pale kwetu elimu "mwalimu ni nani?", majibu yatakuja haraka. Ni mtu mwenye stashahada au shahada, mwenye azimio la kazi, andalio la somo na zana. Hakuna atakayemtaja fundi mwenye ovaroli lenye mafuta na spana mfukoni. Lakini hebu fikiria wafanyakazi wa viwandani unaowajua wewe, kuanzia baba mdogo wako wa kiwanda cha saruji hadi dada wa jirani anayefungasha maji. Wangapi kati yao waliijua kazi wanayoifanya leo kwa kukaa kwenye dawati? Wengi walifundishwa na mtu aliyesimama pembeni yao akasema, "Tazama. Sasa fanya wewe."

Hoja yangu ni kwamba "tazama, sasa fanya wewe" ni elimu kamili. Ina mbinu zake, ina faida inayohesabika kwa kilo na kwa vidole vya watu, na anayeitoa anastahili kuandaliwa kama mwalimu mwingine yeyote. Pia ina kasoro zake, nami nitazitaja, maana kuna watu wanaojificha nyuma ya neno "mafunzo kazini" ili wapate nguvukazi ya bei rahisi.

Mfano wangu ni Oldeani, wilaya ya Karatu, mkoani Arusha. Nilikaa huko wiki nane za mazoezi ya kufundisha, Julai hadi Septemba, katika shule moja ya sekondari. Wanafunzi wangu wengi walikuwa na mzazi, kaka au dada anayefanya kazi kwenye mashamba ya kahawa. Nikaona haina maana kufundisha watoto wa watu bila kujua watu wenyewe wanajifunzaje. Basi Jumamosi nikawa naomba ruhusa ya kuingia kiwanda cha kumenya kahawa cha shamba mojawapo. Jina la shamba naliacha.

Kwani shambani kuna kiwanda?

Najua kuna atakayesema: Oldeani ni shamba, viwanda viko Dar, Tanga na Mwanza. Tuliweke sawa hilo kwanza.

Oldeani iko chini ya mlima wenye jina hilohilo, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,000, jirani kabisa na msitu wa Ngorongoro. Walowezi wa Kijerumani walifungua mashamba ya kahawa hapo kati ya vita viwili vya dunia. Vita ya pili ilipoanza mwaka 1939 wakawekwa kizuizini na mashamba yao yakachukuliwa na serikali ya Mwingereza. Wenye mashamba wamebadilika mara nyingi tangu hapo. Kazi yenyewe imebaki ile ile, kwa sababu kahawa ya arabika inayooshwa haiwezi kusubiri.

Tunda jekundu likichumwa asubuhi, linatakiwa kumenywa siku hiyo hiyo. Linapita kwenye mashine inayotoa ganda la nje. Punje zinaingia kwenye matangi ya kuchachusha ili ule utelezi unaozizunguka uachie. Zinaoshwa kwenye mifereji, nzito zikitengana na nyepesi. Halafu zinaanikwa kwenye vichanja siku nyingi mpaka unyevu ushuke kutoka asilimia 55 hivi hadi karibu 11. Hapo ndipo inaitwa kahawa ya maganda, inasafirishwa kwenda kukobolewa, inapangwa kwa gredi, AA, A, B, PB na nyingine, na kutafutiwa mnunuzi.

Kuna mota, mikanda, pampu, vali, vipimo na zamu za usiku. Mtu akikosea hatua moja, hakuna hatua ya mbele inayoweza kurekebisha. Sasa kama hicho si kiwanda, sijui kiwanda ni nini.

Karatasi inasema "kiasi". Kiasi gani?

Chukua ile mashine ya kumenya. Ndani yake kuna uwazi kati ya sehemu inayozunguka na ile iliyosimama, na tunda linabanwa hapo. Uwazi ukiwa mdogo mno, punje inakatika au kuchubuka, na iliyochubuka inachacha vibaya hadi inaharibu ladha ya wenzake. Uwazi ukiwa mkubwa mno, matunda yanapita mazima na kuingia kwenye tangi na maganda yake. Kinacholeta taabu ni kwamba matunda hayana saizi moja. Ya mwanzo wa msimu si sawa na ya katikati, na ya kitalu chenye maji si sawa na ya kitalu kikavu. Kwa hiyo mashine inarekebishwa mara kwa mara.

Ukutani kulikuwa na maelekezo yaliyochapwa vizuri, yamewekwa nailoni. Mstari mmoja ulisema fundi akaze au alegeze "kwa kiasi kinachofaa". Fundi mkuu, mzee aliyefanya kazi hiyo tangu ujana wake, aliniona nikiunakili kwenye daftari. Akacheka.

"Mwalimu, hicho kiasi umekielewa?"

"Bado, mzee."

"Basi njoo huku tunapotokea."

Akanipeleka upande wa pili, punje zinapodondokea. Akachota konzi moja, akaitandaza kiganjani, akahesabu zilizokatika na zilizotoka na ganda. Akasogeza skrubu kidogo sana. Akachota tena. Alifanya hivyo mara tatu, halafu akamwita kijana mmoja mgeni, akaiharibu mashine makusudi kwa kuilegeza, akamwambia airekebishe. Kijana alihangaika kama dakika kumi. Mzee alikuwa amefunga mikono nyuma, hamsaidii. Konzi ya nne ilipotoka safi, mzee akamuuliza, "Umejuaje?" Kijana akajibu, "Nimeona zimetoka nzima, na mlio umebadilika."

Mlio! Kwenye karatasi ya ukutani hapakuwa na neno lolote kuhusu mlio.

Tangini ni hivyo hivyo. Ukiuliza uchachushaji unachukua muda gani, kitabu kitakwambia kati ya saa 12 na 48 kutegemea joto. Kwa mtihani wa UE hilo ni jibu zuri. Kwa mtu wa zamu ya usiku, Oldeani, mwezi wa saba, baridi imeshuka kutoka mlimani, tofauti kati ya saa 12 na 48 ndiyo kazi yenyewe. Kahawa ikitolewa mapema utelezi unabaki na kukausha kunasumbua. Ikichelewa inaanza kunuka, na harufu hiyo mwonjaji wa kahawa ataikuta kwenye kikombe miezi mingi baadaye. Kwa hiyo wanaingiza mkono. Unachota punje, unaziosha kidogo, unazisugua. Kama bado zinateleza kama bamia, subiri. Zikikwaruza kama changarawe, fungua maji. Wengine wanachomeka mti katikati ya tangi na kuuchomoa. Shimo likibaki wazi, iko tayari.

Unaweza kuyakariri maneno hayo yote na usiweze kuitambua kahawa iliyo tayari. Mkono unatakiwa uguse ile isiyo tayari mara kadhaa, na iliyo tayari mara kadhaa, huku mtu anayejua akikwambia "bado", "bado", "haya sasa".

Hesabu ya vichanjani

Kuna wanaodhani mafunzo ya vitendo ni mambo ya hisia, na hesabu ni ya wasomi. Hebu tupige hesabu moja.

Tuseme kiwanda kina kilo 10,000 za kahawa ya maganda iliyokaushwa vizuri hadi unyevu wa asilimia 11. Humo ndani maji ni kilo 1,100 na kahawa yenyewe kavu ni kilo 8,900. Sasa tuseme mtu wa vichanjani hajui kutumia kipima unyevu sawasawa, akaiacha juani hadi ikafika asilimia 9. Zile kilo 8,900 hazijabadilika, ila sasa ni asilimia 91 ya mzigo. Gawa 8,900 kwa 0.91, unapata kilo 9,780 hivi. Kilo 220 zimepotea hewani kwa sababu mtu mmoja hakuonyeshwa wakati wa kuanua.

Akikosea upande wa pili, akaanua ikiwa na asilimia 14 au 15, mizani itamfurahisha leo, lakini mzigo utaota ukungu stoo. Hapo hasara inaweza kuwa gunia zima.

Na kipima unyevu kenyewe kana masharti yake. Ukichota sampuli ya juu tu ya kichanja, utapata jibu la juu tu. Inabidi uchanganye ya juu, ya chini, ya pembeni na ya katikati. Dada mmoja aliyemaliza kidato cha nne hapo hapo Oldeani ndiye aliyenionyesha. Alikuwa kibarua wa vichanjani. Alijua pia kwamba jua la saa sita likiwa kali kahawa inafunikwa, maana ikikauka ghafla ganda linapasuka. Nilimuuliza nani alimfundisha. Akasema, "Mama mmoja hivi, alishaacha kazi. Alikuwa ananikataza kusema 'nadhani imekauka'. Anasema pima, halafu uniambie namba."

Sisi tunaita hiyo kujenga umahiri. Yule mama hakuiita chochote, ila alifundisha hivyo.

Hatua nne

Sasa nije kwenye nadharia, wenzangu wa elimu msije mkasema nimeandika hadithi tu.

Mwaka 1940, Marekani ikijiandaa kwa vita, viwanda vilihitaji wafanyakazi wapya kwa maelfu na mafundi wa zamani hawakutosha. Serikali ikaanzisha mpango ulioitwa Training Within Industry, uliodumu hadi 1945. Wazo lake lilikuwa rahisi: usimfundishe kila mfanyakazi mpya mmoja mmoja, mfundishe msimamizi wake namna ya kufundisha. Watu zaidi ya milioni 1.5 walipitia mpango huo. Baada ya vita ulipelekwa Japani, na viwanda vya huko viliushika kwa mikono miwili.

Sehemu yake ya ufundishaji ilikuwa na hatua nne. Ya kwanza, mwandae mwanafunzi: mtoe wasiwasi, uliza anajua nini tayari, msimamishe mahali anapoona vizuri. Ya pili, mwonyeshe kazi hatua kwa hatua, ukitaja jambo kuu la kila hatua na sababu yake. Ya tatu, afanye mwenyewe huku akieleza anachofanya, na umrekebishe papo hapo. Ya nne, mwache afanye kazi, mwambie amwendee nani akikwama, kisha pita mara kwa mara kumwangalia, ukipunguza kidogo kidogo.

Rudi kwa yule mzee wa Oldeani. Kumpeleka mgeni upande punje zinapodondokea ndiyo hatua ya kwanza. Kuchota konzi na kuhesabu ni ya pili. Kuiharibu mashine makusudi na kufunga mikono nyuma ni ya tatu, na lile swali la "umejuaje?" ndilo linalomlazimisha kijana aseme sababu kwa mdomo wake. Ya nne niliiona jioni, mzee akipita mara mbili, hasemi kitu, anachota konzi, anaondoka. Sidhani kama aliwahi kusikia habari za Wamarekani hao. Ila mtu akifundisha kazi ya mkono kwa uaminifu miaka mingi, huwa anafika maeneo hayo hayo.

Na historia yetu inayo mifano mikubwa kuliko huo. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975. Mafundi wa Kichina hawakujua Kiswahili cha kutosha, wala vijana wetu hawakujua Kichina. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kufundishana ilikuwa kwa kuonyeshana: mtu anafanya, mwingine anatazama, wanabadilishana. Na kabla ya hapo, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea alishailaumu elimu ya kikoloni kwa kutenganisha kitabu na kazi. Tunalisoma hilo mwaka wa kwanza, tunajibu swali lake la mtihani, halafu tunalisahau.

Kusaini si kujifunza

Sasa upande mchungu. Mtaa niliopanga chumba kulikuwa na kijana wa miaka kumi na tisa hivi, ambaye vidole viwili vya mkono wake wa kulia havina ncha. Msimu uliopita alikuwa kibarua kwenye mashine ya kumenya, si kwenye kiwanda nilichokuwa naenda. Jiwe dogo liliingia na matunda, mashine ikakwama huku mota ikiendelea kuunguruma. Akaingiza mkono kulitoa. Jiwe likatoka, mashine ikazunguka.

Nilimuuliza kama alifundishwa usalama. Akasema ndiyo. Siku ya kwanza waliitwa ofisini, watu kama thelathini, mtu akasoma karatasi, wakasaini mahudhurio. Ilichukua muda wa chai. Kwenye hiyo karatasi palikuwa na sentensi inayosema mashine izimwe kabla ya kuondoa kizuizi. Aliikumbuka vizuri. Lakini hakuna aliyempeleka kwenye mashine akamwonyesha swichi iko wapi, wala kumfanyisha mazoezi ya kuzima, kusubiri isimame kabisa, kisha kutoa kizuizi kwa mti na si kwa mkono. Mashine ilipokwama kweli, mkono ulifanya kile ambacho mkono wowote usiofundishwa hufanya.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe taarifa, maelekezo, mafunzo na usimamizi. Ni vitu vinne, na kusoma karatasi kunagusa viwili tu. Fidia ipo, tunao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, lakini mfuko haurudishi kidole. Kwa hiyo ninaposema thamani ya mafunzo ya vitendo, sisemi kilo 220 peke yake.

Kasoro za "mafunzo kazini"

Haki itendeke: si kila anayeshika mashine miaka ishirini anaweza kufundisha. Nimeziona kasoro tatu.

Kwanza, fundi anarithisha na makosa yake. Kama alizoea kufunga mkanda huku mota inazunguka, wanafunzi wake wote watafunga hivyo hivyo, na watajisifu. Ndiyo maana vitendo vinahitaji nadharia kidogo pembeni. Anayejua kwa nini utelezi unaachia haraka kukiwa na joto hatashangaa baridi ikibadilisha saa zake. Anayejua vitendo tu atakwama hali ikibadilika, na anayejua nadharia tu hata kuanza hataanza. Wajerumani wamelijenga hilo kwenye mfumo wao: kijana anakuwa na siku zake kiwandani na siku zake shuleni, kwa miaka miwili hadi mitatu na nusu. Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1978, kilijengwa kwa ushirikiano na Wajerumani hao hao.

Pili, wapo waajiri wanaomwita mtu "mwanafunzi" ili wamlipe nusu. Mwaka wa tatu bado anajifunza! Mafunzo ya kweli yana mwanzo, yana orodha ya mambo ya kujua, yana kipimo na yana mwisho. Kisichokuwa na mwisho ni kibarua chenye jina zuri.

Tatu, waajiri wenyewe wana hofu: nikimfundisha ataondoka. Hofu hiyo ina mantiki, siibezi. Ila waangalie upande wa pili pia: usipomfundisha na akabaki, unabaki naye kwenye mashine msimu mzima. Na kuhusu gharama, wenye shamba hawajaachwa peke yao, kama nitakavyoeleza sasa.

Cheti cha yule dada

Yule dada wa kipima unyevu alinieleza jambo moja ambalo limenikaa. Alijaribu kuomba kazi kwenye kiwanda kingine, ya kudumu, kazi ile ile anayoifanya. Wakamuuliza, "Una cheti?" Hana. Ana matokeo ya kidato cha nne ambayo hapendi kuyaongelea, na ana misimu minne ya kujua kahawa ikikauka. Hayo ya pili hayana karatasi.

Hapa ndipo wasomaji wengi wa gazeti hili hawana habari, kwa hiyo chukua kalamu.

VETA ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Pamoja na kozi za vyuoni, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, wengi wanauita urasimishaji ujuzi. Mtu aliyejifunzia kazini anapimwa kwa kazi anayoijua, mapengo yake yanaonekana, anajazwa pale alipopungua, kisha anapewa cheti. Waashi, maseremala, mafundi magari na wapishi wamepita njia hiyo. Serikali pia ina Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi, ambayo ndani yake kuna urasimishaji na uanagenzi. Sasa kama mwashi anaweza kupimwa kwa ukuta wake, mtu wa kuchachusha na kukausha kahawa naye anapimika. Mpe tangi, mpe kichanja, msimamie.

Hela je? Bara tuna tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL. Julai 2023 kiwango cha mwajiri binafsi mwenye wafanyakazi 10 au zaidi kilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya mishahara anayolipa. Waajiri wa kilimo wamesamehewa kwa wafanyakazi wanaofanya kazi ya shambani moja kwa moja. Lakini msamaha huo hauwagusi wa utawala wa shamba wala wa usindikaji wa mazao. Soma tena sentensi hiyo. Mchumaji hahesabiwi, ila mtu wa mashine na wa tangi anahesabiwa. Kwa macho ya sheria ya kodi, basi, kiwanda cha kahawa cha Oldeani ni kiwanda, na kwa ajili ya wafanyakazi wake kuna hela inayokatwa kwa jina la ujuzi. Ni haki yao kuuliza ujuzi huo unawafikia lini. Wenzetu Kenya nao wana tozo yao ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 za Kenya kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, chini ya mamlaka yao ya NITA.

Sisi wa ualimu tunaingilia wapi?

Nimeshasikia swali: wewe unasomea kufundisha sekondari, kahawa inakuhusu nini? Inanihusu kwa sababu wanafunzi wangu wengi wa Oldeani hawatafika hapa chuoni. Wataishia kwenye vichanja, kwenye gereji za Karatu mjini, kwenye vitunguu vya Mang'ola, kwenye jikoni za hoteli za watalii. Elimu yao itaendelea huko, iwe tunaijali au hatuijali.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu ambayo hayahitaji kusubiri boom.

La kwanza, tukienda mazoezi ya kufundisha, tutafute angalau siku moja kwenye sehemu ya kazi iliyo jirani na shule, tumtazame fundi mmoja akifundisha, tuandike hatua zake kama tunavyoandika andalio la somo. Hesabu yangu ya asilimia 11 na 9 niliipeleka darasani kidato cha pili. Waliokuwa wanasinzia kwenye asilimia waliamka, maana kichanja wanakijua.

La pili, tuwape mafundi kile tulichonacho. Hatuwezi kumfundisha yule mzee kumenya kahawa. Ila tunaweza kukaa naye, tukavunja kazi yake vipande vipande, tukaandika hatua, jambo kuu na sababu, kwa Kiswahili cha pale pale, hata ule mlio ukaingia. Mzee huyo yuko karibu kustaafu. Alichonacho kichwani hakipo kwenye karatasi ya ukutani, na akiondoka nacho, msimu unaofuata utaanza na "kwa kiasi kinachofaa".

La tatu, tupeleke habari. Maelezo ya VETA kuhusu urasimishaji yanaweza kuandikwa kwenye karatasi moja na kubandikwa ofisi ya kijiji, kanisani, kwenye duka la pembejeo. Ukiwa unarudi nyumbani likizo, uliza chuo cha VETA kilicho jirani na kwenu wanapima fani zipi na lini, halafu wafikishie watu wa mtaani kwenu.

Mimi nimeshaanza na mtu mmoja. Nilimwachia yule dada namba ya ofisi ya kuulizia, na kwenye karatasi hiyo hiyo tukaandika pamoja orodha ya kazi anazoweza kuzifanya mbele ya mpimaji. Tulifika kumi na moja. Alipoisoma yote kwa mara ya kwanza alinyamaza kidogo, akauliza, "Zote hizi nazijua mimi?" Kisha akachukua kalamu akaongeza ya kumi na mbili: kumfundisha mgeni.